Sura ya Tano: Kwa Nini Sauti Chache Hutuliza?

Swali linaloulizwa mara kwa mara na wasikilizaji wa kawaida, hasa wanaokutana kwa mara ya kwanza na muziki wa kielektroniki wa taratibu, ni hili: inawezekanaje muziki wenye noti nne au tano tu, usio na mwimbaji wala kiitikio, unaorudia jambo lile lile kwa dakika kumi au hata kwa saa nzima, umpe mtu utulivu badala ya kumchosha? Swali hilo ni la haki, kwa sababu redio imewazoesha watu wengi kutarajia wimbo wa dakika tatu au nne wenye beti, kiitikio na sauti ya mtu anayesimulia jambo, na muziki unaokosa vyote hivyo huweza kuonekana kama kazi iliyoachwa njiani kabla ya kukamilika. Hata hivyo wapo wasikilizaji wengi, wakiwamo wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani na wafanyakazi wanaotoka zamu ya usiku, wanaouchagua muziki huo kwa hiari yao na kuurudia siku baada ya siku.

Hoja inayojengwa katika sura hii ni kwamba utulivu huo unatokana na uwiano wa mambo mawili, yaani uhakika wa kile kinachokuja, na mabadiliko madogo yanayompa msikilizaji sababu ya kuendelea kusikiliza. Uhakika usio na mabadiliko huchosha, na mabadiliko yasiyo na uhakika huleta wasiwasi. Mtunzi stadi wa muziki huu ni yule anayejua kuviweka viwili hivyo pamoja bila kimoja kukimeza kingine.

Ni muziki wa aina gani?

Muziki wa kielektroniki ni ule ambao sauti zake hutengenezwa au kubadilishwa kwa vifaa vya umeme, na kifaa chake mashuhuri zaidi ni sintesaiza, yaani chombo kinachozalisha sauti kutokana na mawimbi ya umeme ambayo mpigaji anaweza kuyanoa, kuyalainisha au kuyarefusha atakavyo. Muziki huitwa minimali pale unapojengwa kwa vitu vichache mno, kwa mfano noti chache, mdundo mmoja usiobadilika na kifungu kimoja kinachorudiwa, na huwa na mahadhi pale noti hizo zinapofuatana kwa namna ambayo mtu anaweza kuishika na kuiimba hata bila maneno.

Zipo jamaa mbili kubwa za muziki huo. Ya kwanza ni ambienti, ambao ni muziki uliotungwa ili ukae ndani ya mazingira ya msikilizaji, mara nyingi bila ngoma yoyote, na ya pili ni tekno minimali ya kimahadhi, ambayo hubaki na mdundo wa kucheza lakini huupunguza hadi ukawa laini na wa kutegemewa. Mpaka kati ya jamaa hizo hauko wazi, na wasanii wengi huuvuka ndani ya albamu moja.

Ni vyema ieleweke mapema kwamba utulivu si tabia ya asili ya vifaa vya kielektroniki. Singeli, muziki uliozaliwa katika vitongoji vya Dar es Salaam na kutengenezwa kwa kompyuta na programu za kawaida, huenda kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika, na lengo lake ni kuwasha moto uwanjani. Kompyuta ya aina ile ile, ikiwa mbele ya mtu mwenye nia tofauti, huweza kutoa muziki wa mapigo 60. Kwa hiyo sababu za utulivu zitafutwe katika maamuzi ya mtunzi, wala si katika mashine.

Safari yake kwa ufupi

Wazo la muziki usiodai kusikilizwa kwa nguvu lilitangulia sintesaiza kwa miaka mingi. Tarehe 8 Machi 1920, mjini Paris, mtunzi Erik Satie pamoja na Darius Milhaud waliandaa muziki wa kupigwa wakati wa mapumziko ya mchezo wa kuigiza, ukiwa na vifungu vifupi vinavyorudiwa tena na tena, na watazamaji wakaombwa waendelee na mazungumzo yao kana kwamba hakuna kinachopigwa. Watu, kwa adabu waliyoizoea, walinyamaza na kusikiliza, na Satie akalazimika kuwahimiza wazungumze na watembee huku na huko.

Miaka ya 1960 nchini Marekani kulizuka watunzi waliogeuza marudio kuwa msingi wa kazi nzima. Kazi ya Terry Riley iitwayo In C, ya mwaka 1964, ina vifungu vifupi 53 tu, na kila mpigaji hukirudia kila kifungu mara nyingi kadiri apendavyo kabla ya kuingia kinachofuata. Mwenzake Steve Reich alisafiri hadi Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, na aliporudi alitunga Drumming, kazi inayodumu kwa muda mrefu ikiendeshwa na mabadiliko madogo ya midundo. Deni hilo linastahili kutajwa waziwazi, kwa kuwa wapigaji wa Afrika walikwisha kuonyesha, muda mrefu kabla ya hapo, kwamba kifungu kimoja kinachorudiwa kwa ustadi kinaweza kubeba saa nzima.

Hatua iliyounganisha mawazo hayo na mashine ilichukuliwa na Mwingereza Brian Eno. Mwanzoni mwa mwaka 1975 aligongwa na teksi mjini London, na alipokuwa kitandani akijiuguza, rafiki yake alimletea santuri ya muziki wa kinubi, ambayo ilipowashwa ilisikika kwa sauti ya chini mno. Kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuinuka ili aiongeze, aliusikiliza ukichanganyika na mvua iliyokuwa ikinyesha nje, na kwa maelezo yake mwenyewe ndipo alipotambua kwamba muziki unaweza kuwa sehemu ya mazingira sawa na mwanga wa chumbani. Mwaka huo huo alitoa Discreet Music, na mwaka 1978 akatoa Music for Airports, albamu iliyolipa jina la ambienti umaarufu.

Nchini Ujerumani njia ilikuwa nyingine. Kundi la Tangerine Dream, katika albamu yake Phaedra ya mwaka 1974, lilitegemea sikwensa, yaani kifaa kinachoiamuru sintesaiza kurudia mfuatano wa noti bila mkono wa mtu. Tarehe 12 Desemba 1981, mjini Berlin, Manuel Göttsching alirekodi kwa mkupuo mmoja kazi ya karibu saa nzima iitwayo E2-E4, inayozunguka juu ya vikundi viwili tu vya noti zinazopigwa pamoja, na kazi hiyo ilipotolewa mwaka 1984 ilikuja kupendwa na wapiga disko wa miji mingi ambao yeye hakuwahi kuwafikiria. Huko Japani, Hiroshi Yoshimura alitoa mwaka 1982 albamu iitwayo Music for Nine Post Cards, iliyopigwa kwa kinanda cha umeme na kusikika katika jumba la sanaa la Hara mjini Tokyo, na utulivu wake umewavutia wasikilizaji wapya kwa mamilioni tangu mtandao wa intaneti ulipoifufua. Miaka ya 1990 ilileta tekno minimali, ambapo Robert Hood wa Detroit alitoa Minimal Nation mwaka 1994, na mjini Köln lebo ya Kompakt ikaanza, mwaka 2001, mfululizo wake uitwao Pop Ambient, unaounganisha ulaini wa ambienti na mahadhi mepesi ya kukumbukwa.

Kwa muhtasari: muziki huu ulitokana na mikondo mitatu, yaani wazo la muziki wa mazingira, sanaa ya marudio yenye deni kubwa kwa Afrika, na mashine zinazoweza kurudia bila kuchoka.

Sauti inavyolainishwa

Kila sauti ina namna yake ya kuanza, kukaa na kutoweka. Mlango unapobamizwa, sauti hufikia kilele chake papo hapo, na mwili hujibu kabla ya akili kutambua kilichotokea: macho hufumba, mabega hujikunja na moyo huongeza kasi. Huo ni mshtuko wa kimaumbile, kinga ya zamani sana ambayo binadamu anaichangia na wanyama wengi, na huwashwa hasa na sauti kubwa inayoanza ghafla.

Sintesaiza humpa mtunzi uwezo wa kuuondoa mwanzo huo wa ghafla. Kwa kuzungusha kitufe kimoja anaweza kuifanya noti ichukue sekunde moja au mbili kufikia ukubwa wake kamili, kisha akairefushia mkia wake ili izame polepole chini ya noti inayofuata. Msikilizaji hapati pahali pa kushtukia, kwa sababu kila sauti huwa imekwisha kuingia kabla yeye hajagundua kwamba ilikuwa njiani.

Kifaa cha pili ni filta, yaani sehemu ya sintesaiza inayoruhusu baadhi ya mawimbi yapite na kuyazuia mengine. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na ile ya juu ndiyo inayobeba ukali wa mluzi, wa chuma kinachokwaruzwa na wa king'ora. Filta inapokata sehemu ya juu, noti ile ile husikika kama inayotoka nyuma ya pazia zito. Na mtunzi anapoifungua kidogo kidogo kwa muda wa dakika nne au tano, noti hung'aa taratibu bila kubadilika, jambo ambalo ni mojawapo ya furaha kubwa za muziki huu kwa mtu aliyejifunza kulisubiri.

Cha tatu ni mwangwi wa kutengenezwa. Ubongo hutumia mwangwi kukadiria ukubwa wa mahali, ndiyo maana mtu anayeingia msikitini au kanisani akiwa amefumba macho hutambua kwamba dari liko juu. Kwa kuongeza mwangwi mrefu, mtunzi humpa mkaaji wa chumba kimoja cha kupanga hisia ya kuwa mahali penye nafasi, na kwa wakazi wa miji iliyobanana zawadi hiyo si ndogo hata kidogo.

Marudio yasiyochosha

Ubongo wa msikilizaji haukai kimya ukisubiri kupokea. Muda wote hubashiri noti itakayofuata, na hupata ridhaa pale ubashiri unapotimia na mshangao pale unapokosewa. Nyimbo nyingi za redio hucheza na mshangao. Muziki minimali huchagua njia ya ridhaa: baada ya mzunguko wa tatu au wa nne msikilizaji huwa ameshaufahamu mpangilio, na kazi ya kubashiri humpungukia. Hali yake ni kama ya abiria wa daladala aliyeizoea njia, ambaye halazimiki kuhesabu vituo, na kwa sababu hiyo hupata nafasi ya kutazama mambo ya barabarani ambayo mgeni, kwa wasiwasi wa kupitiliza, hayaoni kamwe.

Marudio yana nguvu nyingine pia. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu walichokutana nacho mara nyingi, hata kama hakuna faida waliyoipata kwacho. Mtafiti wa sauti Diana Deutsch naye aligundua mwaka 1995 kwamba kifungu cha maneno ya kawaida kikirudiwa mara kadhaa bila kubadilishwa huanza kusikika kana kwamba kinaimbwa. Sauti ni ile ile. Kinachobadilika ni usikilizaji, kwani akili ikishamalizana na maana huanza kuzingatia mipando na mishuko ambayo awali iliipita. Muziki minimali umejengwa juu ya ukweli huo, kwamba kitu kinachorudiwa hakisikiki vile vile mara mbili.

Lakini watunzi bora hawaachi kila kitu kwa akili ya msikilizaji, na mfano mzuri wa kuutazama kwa karibu ni kipande cha pili cha Music for Airports. Eno alirekodi sauti za waimbaji, kila mmoja akishikilia noti moja ndefu, kisha kila noti ikawekwa kwenye utepe wake wa kurekodia uliounganishwa ncha kwa ncha ili ujirudie bila kukoma. Tepe hizo zilikuwa ndefu kiasi kwamba zilipitishwa kuzunguka miguu ya viti vya alumini katika studio ya Conny Plank nchini Ujerumani. Urefu wake haukulingana: kwa maelezo ya Eno, noti moja ilirudi kila baada ya takriban sekunde 23.5, nyingine baada ya sekunde 25 na saba ya nane, na ya tatu baada ya sekunde 29 na kumi na tano ya kumi na sita.

Hesabu ya vipimo hivyo inashangaza. Tepe mbili za kwanza zikianza pamoja, zitakutana tena mahali pale pale baada ya dakika 81 hivi. Na ikiongezwa ile ya tatu, zote tatu zitarudi kwenye mpangilio wa mwanzo baada ya karibu siku 27. Kipande chenyewe hakifiki dakika 10. Kwa hiyo msikilizaji anayesema kwamba anasikia kitu kile kile ana haki, kwa sababu noti ni zile zile, na mwenzake anayesema kwamba hajawahi kusikia mpangilio mmoja ukirudi naye ana haki. Uhakika uko katika noti, na upya uko katika kukutana kwake, na hapo ndipo uwiano uliotajwa mwanzoni mwa sura unapoonekana ukifanya kazi.

Kwa nini mahadhi ni muhimu

Sauti laini na marudio peke yake havitoshi, kwani hata feni inayozunguka ina vyote viwili. Mahadhi ndiyo yanayougeuza ulaini kuwa hisia, kwa sababu humpa msikilizaji kitu cha kushika, kukumbuka na kuambatanisha na mambo yake mwenyewe.

Watunzi wengi wa muziki huu hupendelea ngazi ya noti tano, ambayo ni mpangilio wa noti ulioenea katika tamaduni nyingi za Afrika, Asia na kwingineko. Ngazi hiyo, katika umbo lake la kawaida, haina noti mbili zilizokaribiana kiasi cha kukwaruzana, hivyo noti zake zozote zikisikika pamoja, hata kwa bahati, hukaa kwa amani. Mtunzi anayeacha noti zielee na kuingiliana kwenye mwangwi mrefu anahitaji usalama huo, na msikilizaji husikia matokeo yake kama hali ya kutokuwa na ugomvi ndani ya muziki.

Wasikilizaji wa Tanzania wana mlango wa karibu wa kulielewa jambo hili. Ilimba ya Wagogo wa Dodoma, chombo chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hujenga vifungu vifupi vinavyozunguka huku mlio wa kila kijiti ukiendelea kutetema chini ya unaofuata. Hukwe Zawose, mpigaji wake mashuhuri zaidi duniani, alirekodi pamoja na Mkanada Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji aliyewahi kufanya kazi na Eno, albamu iitwayo Assembly iliyotoka mwaka 2002, na ndani yake vifaa vya kielektroniki vinakaa kando ya ilimba bila mmoja kumwonea mwenzake haya. Kukutana huko kuliwezekana kwa sababu pande zote mbili ziliamini jambo moja kuhusu muziki, kwamba kifungu kizuri hakihitaji kuharakishwa kwenda kwingine.

Mwili unavyoitikia

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kwa kawaida kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na muziki mwingi wa kutuliza hukaa karibu na ukingo wa chini wa kiwango hicho au chini yake. Mwaka 2006 watafiti wa Kiitalia walichapisha matokeo ya kupima pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu la watu 24 waliosikilizishwa muziki wa aina mbalimbali. Muziki wa kasi uliharakisha pumzi na mapigo, lakini jambo lililowashangaza wengi lilikuwa jingine: wakati wa kimya cha dakika mbili kilichopachikwa katikati, miili ya wasikilizaji ilitulia kuliko ilivyokuwa kabla ya muziki kuanza. Ni kana kwamba umakini uliokuwa umekusanywa na sauti ulihitaji nafasi ya kuachiliwa, na muziki unaoacha mapengo mapana kati ya noti humpa msikilizaji nafasi hiyo tena na tena.

Mfano unaotajwa zaidi ni kipande kiitwacho Weightless cha kundi la Marconi Union kutoka Manchester, kilichotolewa mwaka 2011 baada ya mashauriano na mtaalamu wa tiba ya sauti. Huanza kwa mapigo 60 kwa dakika na kushuka taratibu hadi 50 hivi, na hakina mahadhi yanayofika mwisho wake. Mwaka 2019 madaktari wa Philadelphia walichapisha utafiti wa wagonjwa 157 waliosubiri kuchomwa sindano ya ganzi ya neva: baadhi walipewa dawa ya kupunguza wasiwasi, na wengine walisikilizishwa kipande hicho kwa dakika tatu. Wasiwasi ulipungua kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili. Hata hivyo waliopewa dawa waliridhika zaidi na huduma, na wagonjwa wa kundi la muziki, ambao hawakuruhusiwa kujichagulia cha kusikiliza, walikuwa na shida ya kuwasiliana na madaktari kwa sababu ya visikilizi walivyovaa masikioni.

Matokeo hayo yanafundisha kiasi. Muziki wa taratibu unaweza kuusaidia mwili kutulia, lakini hauchukui nafasi ya tiba, na hautamtuliza mtu anayeuchukia. Mwenye wasiwasi unaomzuia kulala au kufanya kazi kwa wiki nyingi anastahili msaada wa mtaalamu wa afya, na muziki ubaki kuwa mwenzi wa safari hiyo.

Faida ya kukosa maneno

Wasikilizaji wengi huutumia muziki huu wanapofanya kazi, na sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Akili ya mtu huyafuata maneno ya lugha anayoijua hata pale asipotaka, kwa hiyo anayesoma kitabu huku akisikiliza wimbo wa taarabu wenye mafumbo makali analazimika kusoma maandiko mawili kwa wakati mmoja. Muziki usio na maneno hauigombanii sehemu hiyo ya akili. Huziba kelele za jirani na za barabarani, huweka hali moja isiyobadilika chumbani, kisha huondoka njiani.

Kukosa maneno kuna faida ya pili iliyo ya ndani zaidi. Wimbo wa mapenzi humwambia msikilizaji ahuzunike kwa sababu fulani, na huzuni hiyo ni ya mwimbaji kwanza. Muziki wa noti chache haumpangii mtu sababu, kwa hiyo aliyefiwa, aliyechoka na anayefurahia asubuhi ya mapumziko wanaweza kukaa ndani ya kipande kimoja, kila mmoja akiwa na lake, bila kulazimishwa kulibadilisha.

Je, ni mapambo tu?

Wapo wanaopinga kwamba muziki usiodai kusikilizwa hauna tofauti na ule unaopigwa kwenye lifti na madukani. Pingamizi hilo lina uzito na lastahili jibu. Kampuni ya Muzak, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1934, ilijulikana kwa kuuza muziki wa nyuma kwa viwanda na ofisi, na ilifikia hatua ya kuupanga kwa vipindi vya dakika 15 vinavyopanda nguvu ili kuwachochea wafanyakazi waongeze kasi. Muziki huo ulikuwa na nia juu ya mtu, kwani ulitaka afanye jambo ambalo yeye hakuliamua. Eno alipotoa Music for Airports alijitenga waziwazi na nia hiyo, akisema kwamba alitaka kumpa msikilizaji utulivu na nafasi ya kufikiri, na kwamba kazi yake istahimili kupuuzwa na pia kusikilizwa kwa makini.

Kipimo hicho cha pande mbili ndicho kinachotenganisha kazi nzuri na bidhaa tupu hadi leo, wakati ambapo majukwaa ya kusikilizia muziki yamejaa orodha ndefu za sauti za kulalia na kusomea. Kazi isiyo na kitu hupuuzwa vizuri, lakini ikisikilizwa kwa makini haina cha kutoa. Kazi iliyotungwa kwa upendo hupita mitihani yote miwili. Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kisanii kama KMRU, mjukuu na wajina wa yule mwanamuziki maarufu wa Kikikuyu, huchanganya sintesaiza na sauti alizorekodi katika mazingira halisi, na albamu yake Peel ya mwaka 2020 ilimfikisha kwa wasikilizaji wa mabara mengi. Anayeiacha icheze chumbani hupata utulivu, na anayeiinamia hugundua tabaka juu ya tabaka.

Namna ya kuanza

Msikilizaji mgeni anaweza kuzingatia mambo yafuatayo:

- Achague kipande kimoja kirefu, wala si orodha ya vipande hamsini, kwa kuwa marudio yanahitaji muda ili yafanye kazi.
- Apunguze sauti hadi iwe chini kidogo ya mazungumzo ya kawaida, ili kelele ndogo za mahali alipo zichanganyike na muziki.
- Asihukumu kabla ya dakika tano kupita, kwa sababu mabadiliko ya kwanza ya maana mara nyingi hutokea baada ya hapo.
- Achague sauti moja, kwa mfano noti ya chini kabisa, aifuate mwanzo hadi mwisho, kisha asikilize tena akifuata nyingine.
- Aache dakika mbili za kimya baada ya kipande kwisha.

Hitimisho la sura

Sauti chache hutuliza kwa sababu zimepangwa ili zisishtue, zisikwaruzane, zitabirike na bado zibadilike, na kwa sababu hazimpangii mtu la kuhisi. Kila moja ya sifa hizo ni uamuzi wa mtunzi aliyejizuia kuongeza, na kujizuia huko ni kazi ngumu, maana noti moja mbovu kati ya hamsini hujificha, ilhali noti moja mbovu kati ya nne huharibu yote. Jibu kwa yule anayeuliza kwa nini muziki huu haumalizwi kujazwa ni kwamba sehemu iliyobaki wazi ameachiwa yeye, na thamani ya muziki huo itategemea kadiri atakavyokubali kuitumia.